Mkate wa Mamba Usio na Jina

Nilikuwepo pale langoni mkate ulipovunjika, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Ilikuwa harusi ya mtaa wa Palmerah, mwezi wa Shaabani. Upande wa bwana harusi walikuja na matari yao, wakazuiwa langoni kama ilivyo desturi yetu, kwamba huwezi kuingia kwa wakwe mpaka mtu wako ajibizane mashairi na mlinzi wa lango, kisha wacheze mieleka kidogo ya kuchekesha watu. Nyuma yao makapu ya zawadi, na mbele ya makapu yote kapu refu la mamba wawili. Kwetu sisi Wabetawi, wenyeji wa mji huu, harusi bila mikate miwili ya mamba, dume na jike, bado haijawa harusi. Wazee walisema mamba humchukua mwenzi mmoja tu mpaka kufa. Mkate ule ndio ahadi ya bwana harusi, na sharti ufike mzima.

Haukufika mzima. Mbebaji hakujikwaa wala hakusukumwa. Aliinua kapu tu apite chini ya mapambo ya makuti, na kichwa cha mamba dume kikakatika shingoni, kikabingirika mpaka miguuni pa mlinzi wa lango. Ndani unga ulikuwa mbichi, unanata kama gundi.

Mlinzi wa lango kazi yake ni kukejeli, na hakujizuia. "Jamani bwana harusi, mamba wako kafika bila kichwa! Na wewe chako unacho, au umekisahau nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Halafu bibi yake bi harusi, mzee aliyekuwa ameketishwa kitini karibu na lango, akaanza kulia, na kicheko kikafa palepale.

Mwanamke aliyesimama pembeni yangu akaninong'oneza, "Si mkate wa Mpok Nafsiah wa Rawa Belong huu? Masikini, anazeeka."

"Si wake," nikasema.

"Wake, dada. Waliagiza kwenye simu. Mimi mwenyewe nimeona picha."

Mimi ndiye ninayekanda unga na Mpok Nafsiah kila anapopata oda, na tanuri letu lilikuwa baridi tangu mwezi uliotangulia.

Dada mkubwa kwetu ni Mpok, na Nafsiah ni dada mkubwa wa uchochoro mzima. Amezaliwa nyumba ileile anayoishi, nyuma ya soko la maua la Rawa Belong. Mama yake alioka mamba enzi zile mkate ulikuwa mgumu kama gogo, hauliwi, unatundikwa chumbani mwa maharusi mpaka uote ukungu na kumomonyoka wenyewe. Nafsiah alimaliza darasa la sita akarudi jikoni, na kwenye uchochoro wetu yeye ndiye aliyeanza kuoka mamba laini wa siagi, wa kuliwa, ili kila kijana ambaye hajapata mchumba agawiwe kipande apate bahati. Wazee walinung'unika kidogo, kisha wakala.

Aliolewa na muuza maua, mtu mpole, Mungu amrehemu. Mtoto hawakujaliwa. Lakini mama yao alipofariki, Nafsiah alimchukua mdogo wake Sanusi angali anajifunza kutembea, akamlea kama aliyemzaa. Alimsomesha kwa mikate ile. Sanusi alipooa, Nafsiah ndiye aliyeoka mamba wa harusi yake, na mke aliyemleta nyumbani, Rukoyah, akampokea kama binti.

Rukoyah alikuwa mchangamfu. Alijua kucheka na wateja, alijua simu, na alikuwa na mikono myepesi kujifunza. Nafsiah alimfundisha yote: jinsi ya kukata magamba kwa ncha ya mkasi, jinsi ya kumlaza mtoto wa mamba mgongoni kwa jike asije akaanguka tanurini, jinsi ya kugonga tumbo la mkate kwa kidole usikie kama ndani umeiva. Hakumficha kitu.

"Mpok, tukufungulie ukurasa mtandaoni," Rukoyah alimwambia siku moja tukiwa watatu jikoni. "Nani atakuja huku uchochoroni kukutafuta? Watu siku hizi wanaoa kwa simu."

"Wanaoa kwa simu?" Nafsiah akashtuka.

"Wanaanzia kwenye simu, Mpok. Kuoana wanaoana kwa imamu."

Tulicheka. Kisha Rukoyah akauliza, "Niandike Mamba wa Mpok Nafsiah?"

"Hapana. Jina langu usiliandike."

"Kwa nini tena?"

"Hiyo ni riya. Nitajitangaza vipi mwenyewe kwamba mimi ndiye fundi? Andika mkate wa familia. Mungu anajua nani kakanda."

"Mungu anajua, Mpok. Wateja hawajui."

"Basi inatosha akijua Yeye."

Ndivyo ukurasa ulivyofunguliwa: Mamba wa Familia, Rawa Belong. Uso wa Nafsiah haukuwekwa, ilikuwa mikono yake tu, ikikanda, ikikata magamba, ikiwa na lile kovu la moto kwenye kidole gumba. Namba ya simu ilikuwa ya Rukoyah, kwa sababu simu ya Nafsiah wakati ule ilikuwa ya kupokea na kupiga tu. Neno la siri la kufungulia ukurasa Rukoyah alilichagua mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza.

Na ukurasa ulileta riziki, nisiseme uongo. Oda zilitoka miji ya jirani, Bekasi, Depok, Tangerang, kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga uchochoro wetu. Maharusi, waliolipata jina lake kwa midomo ya watu, walirudi kuandika shukrani chini ya picha, na Rukoyah alikuwa akitusomea tukiwa tunakanda. "Ahsante Mpok Nafsiah, wakwe wamefurahi." "Mpok Nafsiah, mkate umeisha kabla ya biriani." Nafsiah alikuwa akisema, "Astaghfirullah, nyamaza." Halafu baada ya kitambo, bila kutuangalia, "Hebu rudia yule wa Bekasi alisemaje."

Kisha Rukoyah na Sanusi wakahamia Ciledug. Simu ilihama nao, na ukurasa ukahama na simu. Mwanzoni Rukoyah alipiga kila wiki kutoa oda. Baadaye ikawa mara mojamoja. Nafsiah alipomuuliza, alijibiwa, "Watu wanataka keki za ghorofa sasa, Mpok. Mamba ni mambo ya kizamani. Tufanyeje?"

Nafsiah aliamini. Angeaminije vinginevyo? Kumwambia mke wa mdogo wako akuonyeshe simu yake, kwetu, ni sawa na kumpekua mkoba mlangoni anapotoka. Mtu mwenye heshima hafanyi. Tulikaa tukisema labda kweli dunia imebadilika, na tanuri likawa linawashwa kwa nadra, likizimwa mapema.

Nayarudia hayo kwa sababu wengine waliniuliza baadaye, "Kwani alikuwa hajui?" Hakujua.

Siku ya pili baada ya harusi ya Palmerah, mama yake bwana harusi, Hajati Masturoh, alikuja uchochoroni na kapu lile refu. Hakuketi. Alilitua kapu mezani, akafunua kitambaa.

"Nafsiah, mimi na wewe hatujuani, lakini dada yangu alikusifu. Akasema, ukitaka mamba, nenda Rawa Belong. Nimekukosea nini uniokee hiki?"

Nafsiah alimtazama yule mamba asiye na kichwa kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya magamba. Aliyatambua. Magamba yale yalikatwa kwa ncha ya mkasi, safu kwa safu, kama alivyofundisha yeye.

"Hajati, nisamehe," akasema. "Nitawaokea jozi nyingine nzima, niwapelekee mwenyewe."

Sikuweza kuvumilia. "Mpok! Unaomba msamaha kwa mkate wa nani? Hajati, tanuri letu hili hapa, liguse. Lina buibui."

"Enah, nyamaza," Nafsiah akanikataza.

"Sinyamazi, Mpok. Leo sinyamazi."

Hajati Masturoh akatoa simu mkobani, akaifungua, akamwekea Nafsiah mbele ya macho. "Mikono hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi!"

"Mikono ni yangu, Hajati. Mkate si wangu."

Hapo ndipo Nafsiah alipouona ukurasa ule kwa mara ya kwanza tangu uhame. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, lakini siku ile yaliona. Oda hazikuwa zimepungua. Zilikuwa zimeongezeka maradufu. Picha zilikuwa zilezile za jikoni kwetu, na shukrani zote za maharusi zikiwa chini yake. Jina tu ndilo lililokuwa limebadilika: Mamba wa Familia, Ciledug. Na chini ya picha ya mikono yake, mtu mmoja alikuwa ameuliza: Huyu ndiye Mpok Nafsiah wa zamani? Jibu lilikuwa limeandikwa: Ndiyo dada, huyohuyo, sasa tuko Ciledug.

Aliniomba nimsomee tena lile jibu. Nikamsomea. Akaketi.

Hajati Masturoh akalainika kidogo, kidogo tu. "Mimi ya familia yenu siyajui," akasema. "Mimi najua aibu yangu. Na Palmerah nzima inajua jina moja, jina lako. Idi ikipita, mwezi wa Shawali kila nyumba ina harusi. Nani atakuja kuagiza mamba kwa mwanamke ambaye mamba wake wanakatika shingo?"

Swali lile ndilo lililobaki jikoni alipoondoka. Shawali ndio mwezi unaolisha nyumba ya Nafsiah mwaka mzima. Mtu akiogopa mkate wako mwezi ule, atakuogopa milele, maana hakuna anayeoa mara ya pili ili akujaribu tena.

Nafsiah alioka jozi ile. Alichagua unga mwenyewe, akagonga matumbo ya mikate kwa kidole mpaka nikamwambia atayatoboa. Tukaipeleka Palmerah sisi wawili, tumekumbatia kapu. Bi harusi, Wardah, alitupokea mlangoni, na bibi yake akamshika mamba dume shingoni, akamtikisa kama anayempima kuku sokoni.

"Huyu ana shingo," bibi akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Ingieni mnywe chai."

Kutoka pale Nafsiah hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka Ciledug.

Rukoyah alitufungulia akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake niliona tanuri jipya, kubwa kuliko letu, na kwa mbali nikasikia wasichana wawili wakicheka. Sanusi alikuwa ndani. Alimsalimia dada yake, akambusu mkono, kisha akakaa pembeni, akaangalia sakafu.

"Mpok, mbona hukusema unakuja?" Rukoyah akauliza.

"Nimekuja kwa ajili ya ukurasa."

"Ukurasa upi?"

"Rukoyah, usinifanye mtoto."

Akanawa mikono taratibu. Alipogeuka, ile sauti yake ya kuchangamka haikuwepo. "Sawa. Tuseme kweli basi. Simu ni yangu. Namba ni yangu. Neno la siri ni langu. Nimejibu wateja miaka yote hiyo, mchana, jioni, mpaka macho yananiuma. Jina lako liko wapi pale, Mpok? Nionyeshe. Wewe mwenyewe ulisema usiandikwe."

"Umewaambia watu kwamba wewe ni mimi."

"Nimewaambia kwamba ni familia. Mimi si familia?"

"Na mikono ile kwenye picha?"

"Picha nilipiga mimi," Rukoyah akasema. "Mikono haina jina, Mpok."

Nafsiah akamgeukia mdogo wake. "Sanusi?"

Yule mtu mzima, aliyelelewa kwa mikate, hakuinua macho kutoka sakafuni. "Nyinyi wanawake mzungumze," akasema mwishowe. "Mambo ya mtandao mimi siyajui."

Nafsiah aliaga kwa salamu kamili, kama desturi. Tulipofika soko la maua akasimama mbele ya ndoo za sedap malam, yale maua meupe yenye harufu aliyokuwa akiyauza mumewe, akaniambia, "Enah, ningekuwa nimeibiwa na mwizi ningepiga kelele. Sasa nimpigie nani kelele?"

Tulijaribu kuwaandikia wenye mtandao. Wardah, yule bi harusi, alikuja kutusaidia, kwa sababu bibi yake alimwambia mwenye mkate wenye shingo asiachwe peke yake. Wardah hufanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi za mialiko, na huko pia huwatengenezea wenye maduka tovuti zao. Alijaza kila kilichoulizwa. Jibu lilirudi haraka, limeandikwa na mashine: thibitisha kwamba ukurasa ni wako. Kwa namba gani? Kwa jina gani? Hatukuwa na kitu. Tukaandika tena, mashine ikajibu yaleyale, kwa adabu ileile.

"Hata ungepata ukurasa ule, Mama," Wardah akamwambia, "ungekuwa bado umeketi kwenye baraza ya watu. Siku wakitaka kuhamisha viti, wanahamisha. Siku wakitaka kukuficha nyuma, wanakuficha. Wateja si wako, ni wao, wanakuazima tu. Unahitaji nyumba yako. Tovuti yenye jina lako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, na funguo mkononi mwako."

"Yenye jina langu," Nafsiah akarudia, kama anayeonja chumvi.

"Jina lako lote. Na uso."

Akatikisa kichwa. Nikaona tumefika palepale pa zamani.

Alhamisi, baada ya kisomo cha wanawake, nilimshika mkono nikampeleka kwa Ustadha Khoiriyah, anayetusomesha Kurani. Ustadha ni mwembamba, mkali, hapendi maneno mengi. Nafsiah alimweleza yote na kumalizia, "Niliogopa riya, Ustadha."

"Ulifanya vizuri kuogopa riya," Ustadha akasema. "Lakini nikuulize. Mtu akila mkate wako ukamdhuru, atamrudishia nani?"

"Mimi."

"Atakujuaje?"

Nafsiah akaanza kukunja pindo la ushungi wake.

"Ukiandika jina lako ili watu wakusifu, hiyo ni riya, omba toba. Ukiliandika ili mwenye malalamiko ajue mlango wa kubisha, hiyo ni amana. Wewe uliuza bila mlango, Nafsiah. Mwenzako akaweka wake."

"Ustadha, unanilaumu?"

"Sikulaumu. Aliyekudhulumu kakudhulumu, na Mungu anamwona. Mimi nakwambia tu utengeneze mlango."

Ramadhani ikaingia. Wardah alikuja jioni zile za kusubiri futari, akiwa na kompyuta ya kupakata, na tovuti ikajengwa juu ya meza yetu ya kukandia. Niliyodhani ni mambo makubwa yalikuwa maneno machache tu yaliyo wazi. Mamba wa Nafsiah binti Marjuki, Rawa Belong. Picha yake akiwa na ushungi mweupe, hatabasamu, maana alikataa kutabasamu. Namna ya kuagiza, na mapema kiasi gani. Namna ya kubeba kapu, mtu mmoja mbele mmoja nyuma. Na mstari ambao Nafsiah aliutunga mwenyewe, Wardah akauandika bila kugusa hata herufi: Mkate ukivunjika, nirudishie mimi.

Jina la tovuti lilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Alinunua simu nzuri, namba ikawa yake. Maharusi wa zamani tuliowajua tuliwaomba mmojammoja watuandikie tena maneno yao, maana yale ya mwanzo yalibaki Ciledug. Wengine waliandika. Wengine walisema, "Lakini si nilishaandika?" Kuwaeleza ilikuwa kazi nzito, kwa sababu kila ukieleza inabidi umseme mke wa mdogo wako, na Nafsiah hakutaka. Alisema tu, "Tumehama, mwanangu." Lilikuwa kama lile jibu la Rukoyah, na nilimwona likimchoma mdomoni.

Siku ya Idi, baada ya sala, mdogo huwaendea wakubwa kuomba msamaha. Nafsiah alipika ketupat, wali unaochemshwa ndani ya makuti machanga yaliyosukwa, na mchuzi wa nyama ya nyati, akapanga makopo ya biskuti, akakaa mkao wa kumngojea Sanusi. Uchochoro mzima ulikuwa unapita mlangoni. Walikuja mchana, mume na mke, nguo za rangi moja. Rukoyah alipiga magoti mbele ya watu, akambusu Nafsiah mkono, akasema yale tunayosema sote: naomba msamaha wa dhahiri na wa moyoni.

Kila mtu alikuwa anajua.

"Nimekusamehe," Nafsiah akasema. "Mungu atusamehe sote. Kaeni mle."

Rukoyah akashusha pumzi, akaketi, akala. Alipokula vya kutosha ule uchangamfu wake ukarudi. "Mpok, nimeiona tovuti yako. Nzuri, wallahi! Sasa mimi nawaza hivi. Kwa kuwa tumeshasameheana, tuiunganishe na ukurasa wangu. Wewe una jina, mimi nina wateja. Nipe tu neno la siri, nitakupangia yote. Turudi kama zamani."

Nikaweka kijiko chini.

"Rukoyah," Nafsiah akasema taratibu, "msamaha umeuomba, nimekupa. Mkate hukuuomba. Na ukurasa hujanirudishia."

"Kumbe hujasamehe kwa moyo!"

"Moyo una Mwenyewe. Neno la siri ni langu."

"Watu wa nje unawaamini, yule wa kadi za harusi, mimi hapana?"

Nafsiah alikuwa anamtazama Sanusi. Nadhani alingoja aseme kitu, neno moja, hata kwa sauti ndogo. Sanusi alichukua biskuti, akaigeuza, akaila. Kisha wakaaga. Nafsiah akawafungia ketupat za njiani, kama kawaida yake, akasimama mlangoni mpaka pikipiki yao ilipopinda kona. Ndipo akaingia jikoni akalia. Hakulilia ukurasa. Alisema, "Nilimfundisha kutembea humu humu jikoni, Enah."

Harusi za Shawali zikaja. Sitasema tumepata mambo makubwa. Oda zilikuwa chache kuliko miaka ya nyuma, na nyingi bado zinaenda Ciledug, kwa watu wanaodhani wanakuja kwetu. Lakini tanuri liliwaka, na liliwaka karibu kila Ijumaa. Hajati Masturoh alimleta mpwa wake kuagiza, akamwambia mbele yetu, "Angalia jina kwanza, mimi sikuangalia." Siku moja mwanamke wa Tangerang alipiga simu, analalamika.

"Nimeona wawili," akasema, "mikono ileile kwenye picha. Yupi wa kweli?"

Nafsiah aliishika simu kwa mkono wenye unga. Nilijua jinsi jibu hili lilivyo gumu kwake.

"Wa kweli ni mwenye jina, bibi," akasema. "Mimi ndiye Nafsiah. Njoo uone tanuri kabla hujalipa chochote."

Alikuja, akaona, akaagiza. Watu wa Palmerah sasa wanasema mamba wa Nafsiah wana shingo, na hilo limebaki kama mzaha wa mtaani.

Kwa wanawake wenzangu wanaouza vitumbua, mashela, au chochote wanachotengeneza kwa mikono, nimeandika haya ili mfungue mlango wenu wenyewe mapema, mngali mnapendana na watu wenu, wakati kuulizia funguo bado si matusi.

Maana kuna kitu tovuti haikukirudisha. Jana tulikuwa tunakanda, simu ikalia, oda imeingia. Mpok Nafsiah akafuta mikono, akaketi, akaanza kuandika neno la siri. Kabla hajalimaliza alinyanyua macho akaniona nimesimama karibu, mimi niliyekaa naye jikoni humo tangu tuna nywele nyeusi, na akanigeuzia mgongo. Hakufanya kwa ubaya. Nilisogea nikaenda kuangalia moto.